Chuma Ambacho Chiriku Hakukigonga

Kila siku akitoka shule, Chiriku alikuwa na utaratibu wake. Alivua sare na kuitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akanawa miguu, akala chakula alichofunikiwa mezani. Kisha alikwenda chumbani kwa Babu. Alimfuta kidevu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akamsogeza kwenye kiti chake cha magurudumu, akamsukuma polepole hadi uani, chini ya banda la bati.

Chiriku lilikuwa jina la utani. Mjomba ndiye aliyempa, kwa sababu mtoto huyo alipoanza kuongea, hakunyamaza tena. "Huyu mkimfungia ndani peke yake," Mjomba alisema, "ataongea na ndoo." Mambo yote ya shule aliyamwaga kwa Babu: nani kakosea hesabu, nani kalala darasani, mwalimu yupi kavaa soksi zisizofanana.

Babu alisikiliza tu. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia na sauti pia. Alisikia kila kitu na kuelewa kila kitu, lakini mdomoni zilitoka sauti tupu, "mm" na "aa". Watu walipomwona anahangaika kusema, walimwonea huruma wakaangalia pembeni. Chiriku hakuangalia pembeni. Alimtazama machoni, akatazama mkono wa kushoto uliobaki mzima, na mara nyingi alielewa.

"Anasemaje baba yangu?" Mama aliuliza akiwa jikoni.

"Anasema mto umekaa vibaya."

Mama akija kuangalia, alikuta kweli mto umekaa vibaya. Basi ikawa desturi ya nyumba ile: Babu akitaka kitu, anaulizwa Chiriku.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na tela la kubebea boti. Babu alilitengeneza kwa mikono yake alipokuwa kijana mwenye karakana, na kwa miaka mingi lilishusha majini boti za watu wengi wa ufuko ule. Sasa majani yalikuwa yameota katikati ya magurudumu, matairi yamepasukapasuka, na kuku mmoja mkaidi alitagia mayai juu yake. Hakuna aliyelijali, hadi boti ya Mama ilipoharibika sakafu.

Mama alikuwa nahodha. Boti yake ndiyo iliyovusha watu ziwa kwenda hospitali na sokoni ng'ambo. Ilivutwa nchi kavu juu ya magogo, ikakwaruzwa vibaya, na ukarabati ukachukua muda mrefu. Ilipokuwa tayari, tatizo likawa kuirudisha. Njia ya kwenda majini ilikuwa mteremko mkali wenye mawe. Kuiburuta tena juu ya magogo kungekuwa kuitoboa upya.

"Basi tumfufue mzee," Mjomba alisema, akilipiga tela teke. Kutu ikamwagika kama unga. "Lo! Mzee mwenyewe anapukutika."

Walianza kazi siku hiyohiyo. Mjomba aling'oa majani, akamhamisha kuku kwa heshima zote pamoja na mayai yake. Nati zilizoshikana walizimwagia mafuta, wakasubiri, wakazimwagia tena. Mama aliosha beringi za magurudumu kwa mafuta ya taa na kuzipaka grisi mpya. Chiriku alipewa brashi ya waya na msasa, akakwangua kutu mpaka mikono ikawa ya rangi ya matofali. Fundi wa kuchomelea naye alikuja na mashine yake. Kila alipotaka kuwasha moto, kwanza alikwenda kukigeuza kiti cha Babu taratibu ili mwanga usimuumize macho. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo.

Lakini mkaguzi wa kazi yote alikuwa Babu.

Hiyo ilikuwa njia yake tangu zamani za karakana. Chuma cha zamani, alikuwa akisema enzi za sauti yake, kinaweza kung'aa nje na ndani kimeliwa. Macho hayatoshi. Unakigonga kwa nyundo ndogo, shibri kwa shibri, kiganja baada ya kiganja, na unasikiliza. Kizima kinalia ting! Kibovu kinajibu pu, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Na kopo la rangi halifunguliwi mpaka kila chuma kimelia.

Sasa Chiriku aligonga, na Babu alisikiliza amefumba macho. Chuma kikiwa kizima, aliinua kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Kikiwa kibovu, alikunja ngumi. Penye ngumi, fundi alikata na kuweka chuma kipya. Babu alikuwa amenyooka kitini kuliko siku yoyote tangu augue. Mama alilitambua hilo, akawa anapita pale bandani mara kwa mara bila sababu yoyote, amtazame tu.

Siku ya mwisho ya ukaguzi, fundi alikuwa ameshafunga mashine yake na kwenda kufanya kazi mbali. Angerudi wiki nyingine. Mama alikuwa amempata dereva wa trekta wa kulivuta tela hadi majini, na siku ilikuwa imepangwa. Juu ya meza ya banda lilikaa kopo la rangi ya njano. Chiriku ndiye aliyeichagua, na alikuwa ameahidiwa kuipaka mwenyewe.

Kilibaki chuma kikuu cha katikati, kile kinachobeba uzito wote wa boti. Chiriku alilala chali juu ya gunia, chini ya tela. Aligonga. Ting. Babu akainua kidole. Akasogea. Ting. Kidole. Hatimaye alifika mahali chuma kinapokutana na ekseli, kwenye kona ya giza ambapo maji hujificha. Aligusa kidogo tu kwa ncha ya nyundo, na vidole vyake vikajua kabla ya masikio.

Pu.

Ilikuwa sauti ndogo mno. Babu hakuisikia. Chembe za kutu zilimwangukia Chiriku machoni, akazipangusa kwa mgongo wa mkono. Fundi hayupo. Trekta imeshaombwa. Mama, aliyekuwa akianika nguo, alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Babu augue. Na rangi ilikuwa pale mezani.

Chiriku alirudisha nyundo nyuma kidogo, pale alipokwisha kugonga, akagonga tena palepale.

Ting.

Babu hakuinua kidole mara moja. Aliinamisha kichwa upande, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha akakiinua, polepole.

"Tumemaliza!" Chiriku alipiga kelele akitambaa kutoka nje.

Walipaka rangi jioni ile na kesho yake. Babu alipoiona njano ile ikimeremeta, alikunja uso.

"Anasemaje?" Mjomba aliuliza.

"Anaipenda sana," Chiriku akajibu haraka.

Majirani waliopita walisimama kulisifu tela. Mjomba alijiona ndani ya rangi mbichi, akatengeneza nywele. "Tazameni kazi ya mpwa wangu. Mikono ya babu yake hiyo!" Chiriku alitabasamu, akachovya brashi tena. Kila safari ya brashi ilizidi kukizika chuma kile. Mara mbili alikwenda kwa Mama na maneno yakiwa yamefika mdomoni. Mara ya kwanza Mama alimkumbatia kabla hajasema, akamwambia, "Sijui ningefanyaje bila wewe." Mara ya pili Mama alikuwa amesinzia amekaa, kitambaa cha grisi bado mkononi. Chiriku alimtoa kile kitambaa na kuondoka kwa kunyata.

Ndipo Babu alipoanza kugonga.

Aligonga mkono wa kiti kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Akanyamaza. Ko, ko. Sauti ileile, mahali palepale. Kisha akamtazama Chiriku.

Chiriku alielewa papo hapo. Afadhali asingeelewa. Babu alikuwa anasema: uligonga mahali pamoja mara mbili. Gonga tena.

"Anataka nini?" Mama aliuliza.

Kila mtu alimgeukia Chiriku, kama kawaida.

"Maji," alisema. "Anataka maji."

Mama alileta maji. Babu aliyatazama, akamtazama mjukuu wake, akafungua mdomo. Angekataa kwa maneno gani? Alikunywa maji asiyoyaomba, na mengine yakamtoka pembeni ya mdomo. Mama akamfuta.

Baada ya muda akagonga tena. Ko, ko.

"Anasikia baridi," Chiriku alisema bila kumtazama.

Wakamfunika blanketi. Jua lilikuwa kali bado, na jasho lilianza kumtoka Babu kwenye paji la uso. Hakuweza kulivua lile blanketi kwa mkono mmoja. Mjomba aliyekuwa akipita aliliona jasho, akaliondoa blanketi, akavua kofia yake na kumpepea. "Pole, mzee wangu," alisema. "Tunakukosea bila kujua."

Chiriku aliingia ndani akajificha nyuma ya mlango, karibu na sare yake. Alitaka siku irudi nyuma, yeye alale tena chali chini ya tela, nyundo mkononi. Haikurudi. Jioni alikisukuma chakula pembeni, na Mjomba akauliza mezani, "Mbona ndege wetu haimbi leo? Au rangi imemwingia mdomoni?"

Siku ya kushusha boti, majirani walijaa uani tangu asubuhi. Walisukuma, wakavuta, wakatukanana kwa utani, na boti ya Mama ikapanda juu ya tela la njano na kufungwa kamba. Chuma kikuu kililalamika kidogo, mlio mwembamba. Watu wakashangilia. Trekta ilifungwa mbele, injini ikanguruma. Mjomba alichutama kando ya gurudumu akiwa ameshika gogo, tayari kulitupia mbele ya tairi kama tela lingekimbia kwenye mteremko. Miguu yake ilikuwa chini ya boti.

Babu aliwekwa kivulini barazani. Alianza kugonga. Safari hii hakugonga kwa kifundo. Alipiga mkono wa kiti kwa kiganja kizima.

"Mzee amefurahi!" mtu mmoja alisema.

"Mpe maji," mwingine akasema.

Kikombe kikaletwa. Babu alikipiga, kikaruka na kumwagika. "Aa! Aa!" Watu wakaona aibu, wakaangalia pembeni. Babu akashika mkono wa kiti, akajaribu kusimama kwa mguu mmoja, akaanguka mbele kama gunia. Mama alimdaka kabla uso haujafika sakafuni.

"Baba! Baba, unataka nini?" Mama alikuwa akilia. "Chiriku! Njoo hapa. Anasema nini?"

Dereva alikuwa ameshaweka gia. Mjomba alikuwa bado amechutama. Babu alikuwa mikononi mwa Mama, kichwa kimelala upande, na macho yake hayakuwa na hasira hata kidogo. Yalikuwa yanaomba. Mtu mzima, aliyejenga tela lile, anamwomba mtoto.

"Anasema nigonge tena," Chiriku alisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Ugonge nini?"

"Chuma cha katikati. Kibovu, Mama. Nilikijua nikagonga pengine. Hakuomba maji. Wala baridi hakuwa anasikia. Mjomba, toka! Mwambieni Mjomba atoke!"

Mama aligeuka akapaza sauti ambayo hutumia ziwani penye upepo. "Zima trekta! Zima! Kaka, ondoka hapo!"

Injini ikazimika. Mjomba alitoka, wakaweka magogo na mawe kuushikilia uzito wa boti. Kisha akachukua nyundo ndogo mezani, akanyoosha mkono kutoka pembeni, akagonga pale Chiriku alipomwonyesha. Rangi ya njano ilipasuka kama ganda la yai. Pigo la pili, kichwa cha nyundo kikazama ndani.

Mjomba alilitazama lile tundu. Akaitazama miguu yake. Akaenda kukaa juu ya jiwe, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya Chiriku, Mjomba hakuwa na mzaha.

"Sasa mimi nimeacha shamba la mtu kwa ajili ya rangi tu?" dereva wa trekta alifoka. "Nani alikagua hili dubwana?"

Mama alimtazama binti yake. Hakumpiga wala hakumgombeza. "Waambie mwenyewe," alisema. "Wamekuja kutusaidia. Waambie."

Chiriku aliwaambia. Alisimama mbele ya watu waliomsifu, mikono nyuma, akasema alichofanya. Kila aliyezoea kumsikia akiongea bila kukoma, leo alimsikia akihangaika na neno mojamoja. Dereva alisonya, lakini alipoona mtoto amebaki amesimama palepale, akakuna kichwa. "Haya. Umesema kabla sijakanyaga mafuta. Hilo nalo tulishukuru." Ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika kamba kuiteremsha boti.

Watu walipotawanyika, Chiriku alikwenda chumbani. Babu alikuwa amelazwa, uso ameuelekeza ukutani.

"Babu, nilikudanganya," alisema. "Halafu nikakusemea uongo. Nisamehe."

Babu hakugeuka. Chiriku alisubiri.  Akakaa sakafuni kando ya kitanda, mpaka Mama alipomwita kula, na Babu bado alikuwa ameutazama ukuta.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Akitoka shule, alimfuta Babu kidevu, akamsukuma hadi bandani, kisha akalala chali chini ya tela na kuikwangua rangi ya njano aliyoipaka mwenyewe, mpaka chuma kikuu chote kikabaki kitupu. Watu wa kwenda ng'ambo waliendelea kuzunguka kwa njia ndefu. Mama alikwenda ufukoni kila asubuhi kuwaeleza kwamba boti bado, na kila asubuhi Chiriku alimwona akirudi.

Alasiri moja, kutu ilimwingia Chiriku jichoni vibaya. Alitambaa kutoka nje akipapasa. Akasikia kitu laini kikimgusa shavuni. Babu alikuwa amekichukua kitambaa chake cha kidevu kwa mkono wa kushoto, amejiinamisha mpaka kiti kikalalamika, anamfuta jicho. Alimfuta kwa muda mrefu, vibaya vibaya, maana mkono wa kushoto haukuzoea. Chiriku alitulia kabisa ili asimkoseshe.

Fundi aliporudi, alikata kile kipande na kukivunja kwa vidole. "Kimekuwa biskuti hiki," alisema. "Pale mteremkoni kingekatika kabla ya mawe ya kwanza." Akaenda kukigeuza kiti cha Babu, akawasha mashine.

Chuma kilipopoa, Babu alinyoosha mkono kuelekea mezani. Mjomba akamletea maji. Babu akatikisa kichwa.

"Anataka nyundo," Chiriku alisema.

Mjomba akampa. Babu aliishika, akaipima uzito, kisha akampa Chiriku.

Alianza upya, kutoka ncha ya mbele, shibri kwa shibri. Ting, kidole. Ting, kidole. Fundi alikuwa ameshakunja waya zake wakati sauti moja, kwenye chuma cha kukingama ambacho hakuna aliyekishuku, ilipotoka si ting wala pu, bali katikati. Chiriku akiwa chini ya tela aligeuza shingo. Babu alikuwa akisita.

"Nagonga tena palepale, Babu," alisema kwa sauti. "Sikiliza."

Ngumi.

"Fundi," Chiriku aliita, "samahani. Hapa pia."

"Jamani, huyu mtoto!" fundi aliguna, akaanza kuzikunjua waya huku akicheka.

Tela lilishuka mteremko na boti juu yake siku ya upepo mdogo. Mjomba alitembea kando ya gurudumu na gogo lake, na Chiriku hakupumua vizuri mpaka boti ilipoelea. Dereva wa trekta alipiga honi. Mama alipanda, akawasha mashine, akazunguka kidogo na kurudi ufukoni, mikono ya gauni imelowa, uso unacheka. Kisha akamwita binti yake pembeni ya kiti cha Babu.

"Makosa ya kazi tunayasamehe," alisema. "Umechoka, umetamani kupaka rangi, wewe ni mtoto. Lakini Babu yako hana sauti. Alikuazima masikio yake, na sauti yake akaiacha kwako umsemee. Mtu akikutegemea hivyo, mwanangu, hawezi kukusahihisha ukimdanganya. Ndiyo maana yeye, kuliko mtu yeyote, ni lazima umpe ukweli. Na ukiona umekosea, sema mapema, kabla watu hawajaweka miguu chini ya boti. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Mm," alisema Babu. Alikuwa akilitazama tela lililobaki ufukoni, tupu, likimeremeta juani. Aliinua mkono wa kushoto akalionyesha, akakunja uso.

"Anasemaje mzee?" Mjomba aliuliza.

Chiriku alimtazama Babu vizuri, macho kwanza, kisha mkono. Alisita kidogo, maana jibu lilimuuma.

"Anasema hii rangi ya njano ni mbaya sana."

Babu akainua kidole.